Mawe Yaliyolala Kifudifudi Kasewe

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na maneno matamu ambayo mengine hayakunihusu kabisa, lakini niliyapokea yote. Kisha mmoja wenu, kipande cha keki bado mkononi, akaniuliza vile viduara vidogo kwenye ramani ya Kasewe ni nini, maana chuoni hakufundishwa alama kama hiyo. Nilimwambia nitamjibu. Kwa mdomo ningemaliza kwa sentensi moja na asingeelewa, kwa hiyo naandika, na ninyi wengine wa upimaji mnaweza kusoma naye. Mnivumilie nikianzia mbali. Mstaafu ana muda.

Nilianza kazi Tunduma, msichana wa Hasamba niliyekulia kwenye mibuni ya baba yangu. Siku ya kwanza nilikwenda kazini na viatu vya visigino. Mzee Nzunda, mpima aliyepewa kazi ya kunifundisha, alivitazama kwa muda akasema, "Mwanangu, hivyo ni vya kanisani." Akaniazimia mabuti ya mvua ya mlinzi, nami nikashinda nikishika fito za kupimia karibu na mpaka, mguu mmoja ukitangulia na buti likifuata baadaye. Kina mama wa sokoni walitucheka kwa lugha mbili. "Mulishani, mukwai!" wanatusalimu kama Wazambia, halafu wanageukia Kiswahili kutuuliza kama tunakuja kuwabomolea meza. Mmoja wao aliung'oa ufito wangu kwa sababu ulisimama kwenye nyanya zake. Tulirudia mstari mzima.

Vyombo vya wakati ule vilikuwa na heshima zake. Thiodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, ilikaa kwenye sanduku lake, na sanduku lilipakatwa kiti cha mbele, wakati sisi tulikaa nyuma juu ya mifuko ya saruji. Gari lingepinduka, nadhani ofisini wangeuliza kwanza hali ya sanduku. Kulikuwa na mnyororo wa chuma uliotuchubua viganja, na kulikuwa na timazi ya shaba ya Mzee Nzunda, ambayo hakumwachia mtu mwingine kuibeba. Ninyi mna GPS zinazoingia mfukoni na mna droni. Sina wivu, migongo yenu itadumu.

Ila kuna jambo la Mzee Nzunda ambalo halikuja na chombo chochote. Siku ya kwanza ya kila kazi sanduku halikufunguliwa. Tulitembea eneo lote mikono mitupu, tukisalimia watu. Nilipokuwa kijana jambo hili lilinikera, nilitaka kazi iishe nirudi nyumbani. Nilimuuliza siku moja kwa nini tunapoteza siku nzima. "Ukishaweka jicho kwenye lenzi," alisema, "utaona kile tu ulichokielekezea. Tembea kwanza." Agizo lake la pili lilikuwa fupi zaidi: ulichokikuta usikisogeze. Hata kigae cha chungu tulikiruka.

Ni yeye aliyenishusha Kamsamba kwa mara ya kwanza. Mimi ni mtu wa milimani, joto la kule bondeni lilinipokea vibaya. Lakini lililonishangaza zaidi lilikuwa lori letu, ambalo tulilijaza kokoto tukiwa bado huku juu. Nilimuuliza Mzee kwa nini tunabeba mawe kutoka milimani kwenda kujengea bikoni za mipaka, kana kwamba chini hakuna mawe. Akapanda lori. Tulipofika, wakati wengine wanapika ugali, akaniambia, "Nenda kanitafutie jiwe moja tu." Nilizunguka kwenye ule udongo mweusi mpaka jasho likaniingia machoni. Nilirudi nikiwa nimeshika kitu kigumu nikidhani nimeshinda. Akakibonyeza kwa vidole, kikawa vumbi. "Huku jiwe ni mgeni," akasema, akaendelea kula. Mto Momba ndio uliotandaza udongo ule, mafuriko juu ya mafuriko, na mto haubebi mawe umbali huo.

Mzee Nzunda alistaafu, na baadaye tukamzika kwao Isansa. Timazi yake alikuwa amenikabidhi mimi. Miaka ilikwenda na kazi zikawa nyingi: viwanja, mashamba, mipaka ya vijiji, ndugu wasiosemezana kwa sababu ya mtaro. Nyingi nimezisahau. Ya Kasewe sitaisahau, na nilikuwa nimebakiza muda mfupi tu kustaafu nilipotumwa huko.

Kasewe ni kitongoji kidogo sana. Ukisimama uwanjani kwa Bwana Siame, mwenyekiti wao, unaziona nyumba zote bila kugeuza shingo, na zaidi ya hapo ni tambarare mpaka macho yachoke. Kijiji kilikuwa kinapanga matumizi ya ardhi. Kwenye mchoro wa zamani eneo lote lile lilikuwa jeupe, halina hata nukta, kwa hiyo kamati ya mpango ililipaka rangi ya malisho. Watu wa Kasewe walihesabiwa kuwa wamehamia juzijuzi kufuata mpunga. Mpango ukipita hivyo, nyumba zote zingeondolewa, wapewe viwanja kando ya barabara, na majaruba yao ya mpunga yawe ya ng'ombe. Kamati haikuwa na ubaya. Ilisema tu kwamba kama Kasewe ni ya zamani, ioneshwe kwa macho. Nilitumwa nikapime na nione kama kuna cha kuonesha.

Tulikaa kikao cha kwanza. Mwenyekiti wa kamati, mtu mzima mwenye kofia ya pama, akauliza kwa upole, "Mna alama gani ya kukaa kwenu hapa? Makaburi yapo?"

"Mto umechukua," alisema Bwana Siame.

"Miti ya kupandwa?"

"Mto."

"Misingi ya nyumba?"

"Sisi tunajenga udongo na nyasi, mzee. Maji yakija, tunasogea. Yakija tena, tunasogea tena."

"Kwa hiyo hakuna kitu?"

Bwana Siame akamtazama Bibi Nambeye, mwanamke mzee kuliko wote pale, aliyekuwa amekaa mkekani na mkwewe. Kina mama wengine nao wakamtazama. Bibi akatazama viganja vyake. "Hakuna," akasema. Niliona kuwa lile neno limemtoka kwa shida, lakini sikujua kwa nini.

Kesho yake nikafanya kama nilivyofundishwa. Niliiacha GPS kwenye gari nikatembea mikono mitupu kuelekea upande wa milima. Nilikuwa nimepita majaruba ya mwisho, kwenye nyasi ndefu, nilipojikwaa vibaya sana. Nilikaa chini kukishika kidole, nikilaani kisiki, na nilipofunua nyasi hakikuwa kisiki. Lilikuwa jiwe. Jiwe la kijivu lenye chembe nyeupe, kubwa, mgongo juu kama mkate uliofinyangwa, nusu limezama kwenye udongo. Maumivu yakaniisha. Nilimsikia kabisa Mzee Nzunda akiniambia niende nikamtafutie jiwe moja tu.

Niliendelea kutembea, mbele nikakuta lingine. Nalo lilikuwa limeinama, mgongo juu. Nikatazama kushoto, nikaliona la tatu. Hapo nywele zikanisimama, maana hakuna mto uliomwaga mawe yale. Kila moja lilikuwa na aliyelileta.

Nilirudi kwa Bibi Nambeye nikamkuta anamenya karanga. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikamenya naye. Baadaye nikamwambia, "Bibi, nimeumia kidole. Nimejikwaa kwenye jiwe."

Mikono yake ikasimama. "Umelipindua?"

"Hapana. Mwalimu wangu alinikataza kusogeza nilichokikuta."

Alinitazama usoni. "Huyo mwalimu wako alikuwa mtu wa wapi?"

"Isansa."

"Mm. Alifundishwa na mama yake," akasema, akaendelea kumenya. Halafu akaniambia.

Yale ni mawe ya kusagia. Mwanamke aliyeolewa Kasewe na kuanzisha mji wake alikuwa anapanda mlimani na wenzake kuchagua jiwe, na alikuwa analibeba mwenyewe kwa kichwa juu ya ngata mpaka chini, wenzake wakimwimbia na kumbebea maji. Maji ya mto yakiwafukuza, walibeba kuku, vyungu, mlango, hata miti ya paa. Jiwe kubwa hawakulibeba. "Jiwe ni la mahali," Bibi alisema. "Linakaa pale ulipopika." Walililaza kifudifudi ili lipumzike, wakaondoka na jiwe dogo la mkononi tu, lile la kusagia juu yake, ambalo mama mkwe humwachia mkwewe. Walikohamia mwanamke alipanda tena mlimani kutafuta jiwe jipya.

"Mbona kikaoni ulisema hakuna kitu?"

"Wametaka kuona kwa macho. Likiwa limelala ni jiwe tu, nani ataamini? Na anayelipindua amelirudia. Lazima asagie hapo, aishi hapo. Hatulipindui kumwonesha mtu kama tunamwonesha ng'ombe mnadani." Akapuliza maganda. "Mashine ya kusaga ipo Kamsamba siku hizi, vijana wanacheka. Sisi karanga na ulezi bado tunasaga. Na jiwe ni jiwe."

Hapo nikaelewa ukimya wa kile kikao. Wale kina mama walikuwa tayari kupoteza ardhi yote kuliko kupindua jiwe kwa uongo. Nilikasirika kidogo, niseme kweli, na papo hapo nikawaheshimu.

Bibi alikubali kunionesha yalipo, kwa sharti kwamba sitagusa. Tulikwenda polepole, mkwewe amemshika mkono. Mbele ya kila jiwe alisimama na kulitaja. "Hili langu, nilipoolewa. Hili la mama mkwe. Lile la mama mkwe wake, alikuwa mkali huyo, aliniuma sikio kwa meno kwa sababu ya mboga." Tulipofika kwa wale ambao hakuwahi kuwaona, bado aliwataja kwa majina, na mkwewe akawa anarudia taratibu ili asisahau. Mimi nilifuata nyuma na GPS, nikichukua vipimo. Watu wanapanda magari kuja Mbozi kukishangaa kimondo, jiwe lililoanguka kutoka mbinguni. Sawa, nami nimepiga picha pale. Lakini lile halikubebwa na mtu. Nilipotazama ile milima, ya buluu kwa umbali, na nikatazama shingo nyembamba ya Bibi Nambeye, nilijisikia mdogo sana duniani.

Mchana ule, kwenye kivuli cha gari, nikahamishia vipimo kwenye karatasi. Nilitarajia nukta zilizotapakaa. Nilipata mstari. Ulianzia karibu na nyumba za sasa, ukapinda kama upinde, ukaenda kuishia mguuni mwa milima. Nilimwita Bwana Siame. Alifuata mstari kwa kidole, akavua kofia, akasema, "Hivi ndivyo mto ulivyohama. Babu alikuwa anasema mto ulipita huku, tukadhani ni hadithi." Mto ulikuwa umehama ukavuka bonde zima, na Kasewe ilikuwa imehama nao, nyuma yake kidogo, mji baada ya mji, na kina mama walikuwa wameacha alama kila waliposimama. Mimi nilikuwa nimelipwa maisha yangu yote kuweka bikoni ardhini. Nilikuta wenzangu wamenitangulia kwa vizazi.

Kamati ikarudi. Nikawaonesha karatasi, nikawapeleka kwenye mawe. Mwenyekiti wa kamati alilizunguka moja, akalisukuma kwa ncha ya kiatu, Bibi akakunja uso. "Mama mpima," aliniambia, "nakuheshimu. Lakini mimi naona jiwe. Nikienda kusema mkutanoni nimeona jiwe, watanicheka."

Jofrey, dereva wetu, alikuwa na mtaimbo kwenye gari. "Mama, tulipindue fasta tu, dakika moja," akaninong'oneza. "Hawa watahamishwa hivi hivi tunaona?"

Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaupigia hesabu ule mtaimbo. Lakini jiwe halikuwa langu, na sikuwa naishi pale. Nilimwambia aurudishe garini, na kwa kweli sikuwa na mpango mwingine wowote.

Bibi Nambeye alikuwa ametusikia. Akamuuliza mwenyekiti wa kamati, "Nikipindua moja, utasema umeona?"

"Nitasema, mama."

Bwana Siame akaruka. "Mama, usifanye hivyo. Na ukifanya, basi pindua lako, la hapa karibu."

"La hapa karibu watasema ni la juzi." Akanyoosha kidole kule mlimani, kwenye jiwe la mwisho. "Nitapindua lile."

Kina mama wakaguna. Kule mguuni mwa milima hapakuwa na mtu, wala kisima, wala njia ya gari. Mkwewe akaanza kulia. "Mama, utaishije kule? Nani atakuchotea maji?"

"Wewe," alisema Bibi. "Au umepanga kuhama?"

Tulimpeleka kwa gari mpaka gari liliposhindwa, halafu tukatembea. Vijana wa kamati walitaka kusaidia, akawafukuza. Kina mama wa Kasewe walichimba pembeni kwa majembe, wakapiga magoti, wakalishika pamoja. Jiwe lilikataa. Wakaimba kitu kwa Kinamwanga, sauti ya chini, na jiwe likanyanyuka, likageuka, likalala chali. Udongo ukapukutika. Ndani yake kulikuwa na bonde lililochimbika kwa kusaga, refu na laini, safi kama lililooshwa asubuhi ile. Sijui waliosaga pale walikuwa wangapi, wala unga waliousaga ulilisha akina nani. Nililia mbele ya watu, na sikuona haya.

Bibi akafungua kanga yake. Alikuwa amelifunga kiunoni lile jiwe dogo la mkononi. Akalifuta, akalilaza ndani ya lile bonde. Likakaa pembe kwa pembe. Akalisukuma mbele, akalivuta nyuma, na sauti ile ya kusaga ikasikika pale ambapo haikuwa imesikika tangu mto ulipohama.

Mwenyekiti wa kamati alivua pama yake. "Nimeona," alisema.

Mpango ukabadilishwa. Kasewe ikabaki na majaruba yake, na malisho yakasogezwa upande wa pili. Mimi nikachora viduara kwenye ramani, na kwenye ufafanuzi nikaandika: jiwe la kusagia. Ofisi ya juu iliirudisha ramani ikitaka niondoe alama zisizo rasmi. Nikaipeleka tena na maelezo. Ikarudi. Nikaipeleka tena na maelezo marefu zaidi, ikapita. Nadhani walichoka.

Wiki iliyopita, saa yenu ya ukutani ikiwa imeshatundikwa, nilishuka bondeni kwa nauli yangu. Sikumkuta Bibi Nambeye kwenye nyumba yake ya zamani. Nilielekezwa mlimani. Alikuwa amehamia kule kweli, majira yale yale. Mkwewe alimfuata na watoto, halafu nyumba nyingine ikafuata, halafu nyingine, na sasa kuna kisima na njia ya baiskeli. Bibi haoni vizuri tena. Alikuwa amekaa nje, mbele ya lile jiwe, na ungo wa ulezi pembeni yake.

"Shikamoo, Bibi. Ni yule mpima."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kupima nini tena?"

"Sipimi tena. Nimestaafu."

"Aa, kumbe huna kazi." Akasogea kando. "Basi piga magoti hapa."

Nilipiga magoti, magoti yenyewe yakilalamika. Nilishika jiwe dogo katikati, likaniponyoka. Bibi akapapasa mpaka akaipata mikono yangu, akaipeleka kwenye ncha mbili za jiwe. Vidole vyangu gumba vikatumbukia kwenye vishimo viwili vidogo, laini, ambavyo sikuwa nimeviona, na vikaenea humo.

"Vishimo hivi ni vya nani, Bibi?"

"Vya wote," akasema. "Saga."